Anza na Chumvi

Umeniuliza, Mbeleje, uanze na hadithi ipi.
Faili lenyewe hili: kurasa mia na kumi na mbili
zilizopigwa taipu nyuma ya hati za mizigo.
Ukigeuza unaona mbuzi wangapi walipakiwa Kikombo
mwaka ambao mama yako hajazaliwa.
Ezra Masingisa alikuwa karani wa stesheni.
Mchana alipima magunia. Usiku,
sijui nani alimtuma, aliandika haya.

Anza na chumvi.
Mama mmoja wa Bahi anakwangua udongo mbugani,
anachuja, anachemsha, na kila alfajiri chumvi
imeganda chunguni kwa sura ya mtu.
Sura ya jirani. Sura ya mjumbe. Anaivunja kwa mwiko,
anaiuza kwa kibaba, watu wanaonja, wanaisifu.
Siku inapoganda sura yake mwenyewe
haivunji. Anakula mlenda usio na chumvi
mpaka ukurasa wa mwisho.
Niliisoma nikiwa darasa la sita, kwa kibatari,
nikijilamba midomo na kujiogopa.

Ile ya treni usiisome safarini.
Inasimama ng'ambo ya Igandu, mahali pasipo jina,
abiria wanashuka kununua mayai ya kuchemsha,
wakirudi wanakuta behewa limejaa watu waliofanana nao,
wameshakaa, wameshapata mayai, wanamenya.
Filimbi. Honi.
Waliobaki chini wanatazamana,
halafu mmoja anaokota beseni.

Wengi huisifia ya Kolo, michoro ya mwambani
inayoshuka usiku kuomba maji.
Mimi hapana. Maelezo yamezidi,
na yule mtafiti mwenye kofia anaongea kama redio.
Nadhani utepe wa taipu ulikuwa unakwisha
na Masingisa alikuwa na haraka nao.

Ninayoipenda mimi (usimwambie mjomba wako,
yeye ni mtu wa treni, tutagombana tena)
ni fupi, ukurasa mmoja na nusu:
chamchela inakuja kuandikishwa shule, Chamwino.
Mwalimu Chilongani anauliza jina la baba.
Vumbi linazunguka mlangoni, kimya, kwa adabu.
Anaandika: Kiangazi. Darasa la kwanza, mkondo B.
Inakaa nyuma. Madaftari yanafunguka yenyewe.
Haikosi shule ila siku ya mvua,
na mwaka ule wa mafuriko, mwalimu akiita mahudhurio,
akifika kwenye jina lile anatulia kidogo,
na darasa zima, hata watoro, wanajibu:
Hayupo.
Basi. Inaishia hapo. Usiniulize kwa nini
hulia, mtu mzima, na kitambi hiki.

Ya mwisho haina mwisho.
Yule tembo aliyedidimia, mji ukapata jina,
Masingisa anasema hakufa. Bado anashuka,
polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani,
na kila nyumba tunayojenga juu inamsindikiza.
Ananung'unika kwanza. Halafu anazoea.
Halafu, mstari wa chini kabisa, ukurasa wa mia na kumi na mbili:
"akanyoosha mkonga juu, akagusa upande wa chini wa"
na karatasi imeliwa. Panya, au mchwa,
au yeye mwenyewe Ezra; simwamini.

Unajua kazi yangu. Wiki iliyopita, Iyumbu,
nilirudi kwenye bikoni niliyoisimika Machi,
nikasoma kimo mara tatu, nikafuta lenzi, nikasoma tena.
Imepanda. Milimita nne.
Kijana anayenishikia futi akasema ni jua, mzee,
saruji nayo hutanuka.
Nikaandika namba. Sikuandika kingine.
Ila kabla ya kupanda gari
niliinama nikaweka kiganja juu yake,
nikasubiri kidogo.

Chukua. Usiweke kikombe cha chai juu ya faili.
Urudishe kabla ya Pasaka.
Na kabla hujafungua ile ya chumvi,
kula kwanza.